UZI: Familia ya utitiri mwekundu (Tetranychidae): imepangwaje, na imefikaje kila pembe ya dunia

Lenzi_ya_Mkono (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za kazi.

Neno utitiri limebebeshwa mizigo mingi mno. Mfugaji akilitaja, anawaza vijidudu vinavyofyonza kuku wake usiku. Mkulima wa nyanya anawaza vile vyekundu vilivyo chini ya jani, vilivyofunikwa na utando. Mwenye shamba la muhogo ana wake wa kijani. Wote watatu wakienda duka la pembejeo, wanaweza kurudi na chupa ya aina moja. Kwa hiyo tuanze na ukoo, maana ukishajua ukoo, dawa na adui wa asili vinatafutika.

Utitiri si mdudu kwa maana ya kibiolojia. Ni ndugu wa buibui: aliyekomaa ana miguu minane, hana mabawa wala vipapasi vya kichwani. Kundi lake, Acari, lina matawi mawili makubwa. La kwanza ni Parasitiformes, ambamo wamo kupe, utitiri wa kuku (Dermanyssus gallinae), na pia wale utitiri wawindaji wa familia ya Phytoseiidae. La pili ni Acariformes, ambamo wamo upele wa ngozi na familia yetu ya leo. Ukilitafakari hilo, utaona kwamba utitiri mwindaji anayekula utitiri mwekundu ni ndugu wa karibu zaidi wa kupe kuliko wa chakula chake.

Ndani ya Acariformes unashuka hivi: oda Trombidiformes, nusuoda Prostigmata, familia kuu Tetranychoidea, kisha familia Tetranychidae, iliyopewa jina na Donnadieu mwaka 1875. Spishi zinazojulikana ni zaidi ya 1,300. Wote hula mimea tu. Wengi hawamsumbui mtu. Kama 100 hivi ndio wanaotajwa kuwa waharibifu, na wenye kuleta hasara kubwa kweli hawazidi sana kumi.

Nusufamilia ni mbili:

Bryobiinae, yenye makabila ya Bryobiini, Hystrichonychini na Petrobiini. Hawa kwa kawaida hawafumi utando, wengi wana miguu ya mbele mirefu sana, na wanapenda maeneo makavu na nyasi.

Tetranychinae, yenye makabila ya Tenuipalpoidini, Eurytetranychini na Tetranychini. Karibu kila utitiri mwekundu anayekusumbua shambani Afrika Mashariki anatoka humu, na wengi wao ni wa kabila la Tetranychini.

Mpaka kati ya nusufamilia hizi mbili upo kwenye ncha ya mguu. Katikati ya kucha mbili kuna kiungo kidogo kinachoitwa empodiamu. Kwa Bryobiinae, empodiamu ina vinyweleo vya kunata. Kwa Tetranychinae haina vinyweleo hivyo: inakuwa kama kucha, au imechanika kama ufagio mdogo, au haipo kabisa.

---

Kitalu_Morogoro

Shukrani mkuu. Ila empodiamu haionekani kwa lenzi ya mfukoni. Afisa ugani akiwa shambani na lenzi ya mara 10, anaweza kufika wapi?

---

Lenzi_ya_Mkono

Anaweza kufika kwenye jenasi (kundi la spishi za karibu) kwa kukisia vizuri, asijidai kufika kwenye spishi. Aangalie mambo manne: upande wa jani, utando, yai na rangi. Rangi iwe ya mwisho, maana inadanganya.

Tetranychus hukaa chini ya jani na hufuma utando mwingi. Mayai ni ya mviringo, laini, yanang'aa kama matone ya maji, kisha hugeuka manjano yanapokaribia kuanguliwa. Hariri yao inatoka kwenye vipapasi vya mdomoni, tofauti na buibui ambaye hariri yake inatoka nyuma ya tumbo.

Oligonychus ndiyo jenasi yenye spishi nyingi kuliko zote, zaidi ya 200. Wengi hukaa juu ya jani. Oligonychus coffeae, aliyeelezwa na Nietner huko Ceylon (leo Sri Lanka) mwaka 1861, ndiye anayefanya majani ya chai na kahawa yageuke rangi ya shaba upande wa juu. Ukimwagia dawa chini ya jani peke yake umemkosa.

Panonychus yai lake ni jekundu, limebonyea kama kitunguu, na lina kijiti kimesimama juu. Mgongoni vinyweleo vimeota juu ya vichuguu. Panonychus citri yupo kwenye michungwa karibu dunia nzima. Panonychus ulmi ni wa tufaha katika nchi zenye baridi. Mayai yake hupitisha majira ya baridi kwenye gome la mti, na ndiyo sababu humsikii pwani ya joto.

Eutetranychus ni bapa, wa kijani cha kahawia, hutembea juu ya jani la mchungwa na utando wake ni haba. Huyu ni wa kabila la Eurytetranychini.

Mononychellus ni wa kijani au manjano, chini ya jani changa la muhogo, utando karibu hakuna.

Petrobia na Bryobia: ukiona utitiri wa kahawia kwenye ngano au nyasi, mguu wa mbele mrefu kuliko mwili, hapo upo Bryobiinae. Petrobia latens hutaga mayai ya aina mbili: mekundu ya kuanguliwa mapema, na meupe yenye kofia ya nta yanayosubiri ukame upite.

---

Bi_Slaidi

Naomba niongezee upande wa maabara, kwa sababu makosa mengi ya majina yanazaliwa kwenye slaidi mbovu.

Kwa jenasi ya Tetranychus, jike peke yake mara nyingi hatoshi. Spishi zinatenganishwa kwa umbo la uume wa dume, kiungo chenye urefu wa sehemu ndogo ya mikroni mia moja, na lazima kionekane kwa ubavu. Kwa hiyo sampuli ikija na majike 40 bila dume hata mmoja, kazi imekwama. Madume ni madogo, membamba, yamechongoka nyuma, na mara nyingi hukaa pembeni ya majike waliotulia wakisubiri kujivua gamba. Watafuteni hapo. Lengo liwe madume 10 na majike 10.

Kukusanya: funga majani kwenye karatasi ya kufutia, kisha mfuko wa plastiki, weka penye ubaridi wa nyuzi 5 hadi 10. Usiweke jani lenye maji. Linaoza na utitiri unazama. Ukiuhamishia kwenye alkoholi, tumia asilimia 70 hadi 75 kwa ajili ya slaidi. Kama unataka DNA, asilimia 95 au zaidi, na usichanganye chupa hizo: ule wa asilimia 95 unakakamaa, miguu inakunjika, slaidi yake haisomeki vizuri.

Kusafisha: asidi ya laktiki ya asilimia 50, kwenye joto la nyuzi 40 hadi 50, ukichungulia kila baada ya saa chache. Ukisahau, mwili unavimba na mistari ya ngozi inafutika.

Kimiminika cha Hoyer, cha kugandishia utitiri kwenye slaidi, kinatengenezwa hivi: maji yaliyokenekwa mililita 50, gundi ya arabiki gramu 30, klorali haidreti gramu 200, gliserini mililita 20. Fuata mpangilio huohuo. Gundi iyeyuke kwanza kwenye maji bila kuchemshwa, kisha klorali, mwisho gliserini, halafu chuja. Ukitanguliza klorali, gundi inafanya mabonge. Klorali ni sumu na inauzwa kwa kibali, vaeni glavu.

Tone liwe dogo. Likizidi, utitiri unaelea hadi ukingoni mwa kifuniko. Likipungua, mapovu yanaingia. Dume mmoja kwa slaidi moja. Mlaze ubavu kwa sindano nyembamba, weka kifuniko, kisha ukiwa unatazama kwenye hadubini sukuma kifuniko polepole kwa ncha ya sindano mpaka abingirike sawasawa. Anika kwenye nyuzi 45 kwa siku 5 hadi 7. Halafu zungushia ukingo rangi ya kucha, mara mbili. Wa pwani, msiruke hatua hii: Hoyer hunyonya unyevu wa hewa na slaidi isiyozibwa hugeuka uji.

Lebo iwe na mmea, mahali, mwinuko, tarehe na aliyekusanya. Slaidi isiyo na jina la mmea imepoteza nusu ya thamani yake.

---

Kitalu_Morogoro

Bi Slaidi, ubarikiwe. Swali: vitabu vya zamani vinataja Tetranychus cinnabarinus kwa utitiri mwekundu, na Tetranychus urticae kwa wa kijani wenye madoa mawili. Sasa hivi naona jina la pili tu. Wa kwanza kaenda wapi?

---

Bi_Slaidi

Hajaenda mahali, amerudi nyumbani. Koch alimwelezea T. urticae mwaka 1836. Boisduval akampa yule mwekundu jina la cinnabarinus mwaka 1867. Kwa muda mrefu wakahesabiwa spishi mbili, kwa rangi na kwa tofauti ndogo sana za kichwa cha uume. Leo wanachukuliwa kuwa spishi moja yenye sura mbili, na jina la kale ndilo linalobaki.

Na kuna mtego mwingine: machapisho ya zamani zaidi yanasema T. telarius. Jina hilo linatokana na Linnaeus, na lilitumika kiholela kwa spishi zaidi ya moja. Ukilikuta kwenye orodha ya mwaka 1950, usilihamishe moja kwa moja kwenye jedwali lako la leo. Tafuta sampuli yenyewe kama bado ipo.

---

Mnavu_Nakuru

Hapo kwa rangi ndipo wakulima wetu hupotea. Huku Kenya kila kitu chekundu kwenye nyanya huitwa red spider, kisha dawa inakosa kufanya kazi, kisha lawama huenda kwa muuzaji. Mara nyingi si T. urticae bali ni Tetranychus evansi. Huyu alielezwa na Baker na Pritchard mwaka 1960 kwa sampuli za Mauritius, lakini asili yake ni Amerika Kusini. Bara la Afrika aliripotiwa Zimbabwe mwaka 1979, akatawanyika kusini mwa Afrika, na Kenya akaripotiwa mwaka 2001. Baadaye akaenea pia nchi za Mediterania na Asia ya Mashariki.

Tofauti ya shambani: evansi ni wa rangi ya machungwa iliyokolea, anapenda jamii ya nyanya (nyanya, bilinganya, viazi, na zaidi ya yote managu, ambayo Tanzania mnaita mnavu). T. urticae yeye anakula karibu kila kitu; mimea iliyoandikwa inazidi spishi 1,100. Kwa hivyo ukiona waridi na maharagwe jirani yako salama, na managu yamevaa utando kama pamba, fikiria evansi kwanza.

Managu yanayojiotea pembeni mwa shamba ndiyo ghala la mbegu ya evansi. Kuyang'oa wakati nyanya tayari ziko shambani ni kosa: wanahamia kwenye nyanya siku hiyohiyo. Yaondolewe kabla ya kupandikiza.

---

Lenzi_ya_Mkono

Umenena. Na hapo ndipo ukoo unapoonyesha faida yake. Phytoseiulus persimilis, mwindaji anayeuzwa kwa mashamba ya maua, anammaliza T. urticae vizuri, lakini kwa evansi hafui dafu. Watafiti wakarudi Amerika Kusini, na kule Uruguaiana, kusini mwa Brazili, wakampata Phytoseiulus longipes anayemla evansi na kuzaana kwa chakula hicho. Ajabu ni kwamba spishi hiyohiyo ya longipes ilishajulikana kusini mwa Afrika, ila wale wa Afrika hawakuonyesha uwezo huo. Jina moja, kizazi tofauti, matokeo tofauti. ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu pale Nairobi, walimchunguza yule wa Brazili.

---

Pingili_Kibaha

Wakuu, mfano mkubwa kuliko yote kwa ukanda wetu ni muhogo, naomba niuweke kwa kirefu.

Utitiri wa kijani wa muhogo, Mononychellus tanajoa, alielezwa na Bondar mwaka 1938 kwa sampuli za Brazili. Afrika alionekana mara ya kwanza Uganda mwaka 1971, karibu na Kampala. Muhogo wenyewe ulitoka Amerika kwa meli karne nyingi nyuma, na utitiri huu haukuja nao wakati ule. Ulipokuja, ulikuta shamba lisilo na adui hata mmoja anayemfahamu, na ndani ya miaka 15 hivi ulikuwa umefika karibu ukanda wote wa muhogo wa Afrika. Njia ni mbili: upepo, na sisi wenyewe tunaobeba pingili na vichipukizi kutoka wilaya hadi wilaya.

Dalili zake zichukuliwe kwa makini. Tanajoa huanzia juu, kwenye majani machanga: vidoa vya manjano, jani linadumaa, likizidi kilele kinapukutika majani na kubaki kama mshumaa. Utitiri mwekundu wa muhogo, mfano Oligonychus gossypii, huanzia majani yaliyokomaa ya chini. Na vidoa hivyo vya tanajoa visichanganywe na batobato, ugonjwa wa virusi wa muhogo. Batobato hupinda jani na kugawa rangi kwa mabaka makubwa. Utitiri huacha vitone vidogo kama vimechomwa kwa pini, na ukigeuza jani kwa lenzi unawaona wenyewe.

Kiangazi ndicho msimu wake. Mvua kubwa inawaosha na jani jipya linatoka. Ndiyo maana shamba lililopandwa mwishoni mwa mvua huumia zaidi: mmea unaingia kiangazi ukiwa mdogo.

Sasa upande wa adui wa asili. Kwa kuwa jenasi Mononychellus ni ya Amerika ya joto, ilikuwa wazi kwamba adui atafutwe huko. Lakini mara ya kwanza wawindaji waliletwa kutoka Colombia, miaka ya 1980, wakaachiliwa kwa wingi, na hakuna aliyedumu.

---

Kitalu_Morogoro

Kwa nini hawakudumu, ilhali ni bara lilelile na utitiri uleule?

---

Pingili_Kibaha

Hali ya hewa haikulingana, na wengine walikosa chakula mbadala pale tanajoa alipopungua wakati wa mvua. Walipotafutwa upya kaskazini mashariki ya Brazili, penye kiangazi kinachofanana na chetu, ndipo akapatikana Typhlodromalus aripo. IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto, walimwachilia Benin mwaka 1993, akashika, akaenea mwenyewe na kupelekwa nchi nyingine nyingi.

Siri ya aripo ni makazi. Mchana anajificha ndani ya kilele cha mmea, kati ya majani ambayo hayajafunguka. Usiku anashuka majanini kuwinda. Tanajoa akiadimika, anakula chavua na utomvu, kwa hiyo hafi wala hahami. Hii inaleta mambo mawili ya vitendo. Moja, aina ya muhogo yenye vilele vyenye manyoya inamhifadhi vizuri kuliko yenye vilele vipara. Mbili, ukitaka kujua kama yupo, usigeuze majani mchana ukasema hayupo. Kata kilele asubuhi, kifungue taratibu juu ya karatasi nyeusi, utaona utitiri mweupe wenye umbo la tone unaokimbia upesi. Tanajoa hutembea kwa uvivu.

Kumhamisha ni rahisi: kata vilele vyenye aripo, viweke au vifunge juu ya vilele vya shamba lisilo naye, siku hiyohiyo, kivulini, kabla havijanyauka. Kinachoharibu kazi yote ni kupulizia viuatilifu vya jamii ya pairethroidi kwenye mazao ya jirani. Vinaua wawindaji, tanajoa anabaki.

---

Tende_Muscat

Salaam kutoka Oman. Huku kwetu tatizo ni la mitende: tende changa zinafunikwa utando, vumbi linashika, tunda linakuwa gumu na kupasuka. Wenyeji wanaliita ghubar, yaani vumbi. Je, huyu naye ni wa familia hii?

---

Lenzi_ya_Mkono

Wa alaykum salaam. Ndiye Oligonychus afrasiaticus, wa familia hii kabisa, na jina lenyewe linataja Afrika na Asia. Anapatikana kuanzia Afrika Kaskazini, Bara Arabu, hadi Iran. Usimchanganye na Oligonychus pratensis anayeshambulia mitende ya California. Huyo ni wa nyasi za Amerika, amehamia tu. Hasara inafanana, spishi ni mbili.

Vumbi si chanzo, ila linamsaidia, kwa hiyo mitende ya kando ya barabara ya changarawe huumia zaidi. Anayeangalia atazame tunda likiwa bado dogo na la kijani, karibu na kikonyo. Utando ukishaonekana kwa macho, ngozi ya tunda imeshaharibika. Salfa ya unga hutumika tangu zamani, lakini ipigwe mapema asubuhi. Kwenye joto kali inaunguza.

---

Mnavu_Nakuru

Swali la mwisho kwangu. Nikitazama ramani za spishi hizi, nchi nyingine zina mamia ya rekodi na nyingine zina tano. Je, kweli utitiri umeziruka nchi hizo?

---

Bi_Slaidi

Hapana, na hilo liandikwe kwa wino mzito. Ramani ya utitiri ni ramani ya waliotafuta pia. Hifadhidata kubwa ya familia hii inatunzwa Montpellier, Ufaransa, na inaorodhesha spishi, mimea na nchi. Ni kazi ya thamani sana, lakini haiwezi kuonyesha alichokosa kukusanya mtu. Rekodi nyingi zimetoka kwenye mazao. Porini kwetu, kwenye migunga na nyasi za nyika ambako Bryobiinae wangetegemewa kuwa wengi, pametazamwa kidogo mno.

Kwa hiyo unaposoma rekodi ya nchi, uliza mambo matatu. Dume alionekana? Sampuli imehifadhiwa wapi? Ilikuwa shambani au ilikamatwa bandarini kwenye mzigo? Utitiri uliokamatwa kwenye shehena ya maua si ushahidi kwamba unaishi nchi iliyopokea.

Na kwa nini wanasafiri kirahisi hivi: yai lisilorutubishwa hutoa dume. Jike mmoja asiyepandwa, akifika peke yake kwenye mche, hutaga madume, kisha hupandana na mwanawe na kuanza kutaga majike. Kwenye joto la nyuzi 30, T. urticae hutoka yai hadi ukomavu kwa siku 8 hadi 10: yai, lava wa miguu sita, nimfu wa kwanza, nimfu wa pili, mkomavu, na kati ya kila hatua kuna kipindi cha kutulia. Katika kipindi hicho cha kutulia hali chakula, na dawa nyingi hazimgusi, kama zisivyogusa yai. Ndiyo sababu kupulizia mara moja kunaonekana kumefaulu, na wiki moja baadaye shamba limejaa tena.

---

Kitalu_Morogoro

Nimeelewa. Kesho tunakusanya kwenye mnavu na nyanya za bondeni, chupa mbili kwa kila shamba, ya asilimia 75 na ya asilimia 95. Madume tutayatafuta pembeni ya majike waliotulia.

---

Bi_Slaidi

Ongeza chupa ya tatu kwa magugu ya pembeni, ipewe lebo yake yenyewe. Na lebo iandikwe kwa penseli, iingie ndani ya chupa; kalamu ya wino inafutika kwenye alkoholi.